Piperakwini, moyo na swali la ECG

Ulaya iliporuhusu dawa ya malaria ya mseto wa dihidroatemisinini na piperakwini mwaka 2011, maelekezo yake yalimshauri daktari afikirie kumpima mgonjwa umeme wa moyo, yaani ECG, kabla ya dozi ya tatu, kisha tena saa 4 hadi 6 baada ya kuimeza. Kwetu mtu huununua duka la dawa, akameza siku tatu, basi. Je, wao wanaogopa kupita kiasi, au sisi tunauchezea moyo?

Hofu hiyo ina msingi. Katika kila pigo, sodiamu huingia kwa kasi ndani ya seli ya moyo, kalisi hufuata na misuli ikajikaza, kisha potasiamu hutoka ili seli itulie. Piperakwini huziba mlango mmoja wa potasiamu. Seli huchelewa kutulia, na kwenye karatasi ya ECG kipande kiitwacho QT hurefuka. Kikirefuka mno, umeme mwingine unaweza kuzuka kabla ya wakati wake, mapigo yakavurugika na mtu akaanguka ghafla. Halofantrini, dawa ya malaria ya zamani kidogo, ilihusishwa na vifo vya namna hiyo.

Lakini QT ndefu peke yake haiui. Verapamili, dawa ya moyo na shinikizo la damu, nayo huziba mlango uleule, ila kwa kuwa hupunguza pia kalisi inayoingia, ni nadra kuvuruga mapigo hivyo. Tena homa huukimbiza moyo, na fomula ya Bazett, inayosawazisha QT na kasi ya mapigo, hapo hupotosha hesabu, QT ikaonekana ndefu kuliko ilivyo. Wataalamu walioitwa na WHO mwaka 2016 walipitia ushahidi wakaona vifo vya ghafla baada ya mseto huu ni nadra sana. Malaria ikiwa kali huweza kumuua mtoto ndani ya siku chache. Kwa hiyo kulazimisha ECG kwenye zahanati isiyo na mashine ni kumnyima mgonjwa dawa, na hilo silikubali.

Silikubali pia lile la muuzaji kupokea hela na kukabidhi boksi bila neno. Aulize: umewahi kuzimia ghafla? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Unatumia erithromisini au dawa ya moyo? Umetapika au kuharisha sana, maana hapo potasiamu hupungua mwilini? Na suala la chakula ndilo linaloniumiza zaidi. ALu, dawa nyingine ya mseto ya malaria, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na wengi tumeshazoea hivyo. Piperakwini ikimezwa juu ya chakula cha mafuta huingia kwenye damu kwa wingi zaidi, na QT hurefuka zaidi. Ndiyo maana maelekezo yaleyale ya Ulaya yanataka mgonjwa asile kwa muda wa saa 3 kabla ya kuimeza, na saa 3 nyingine baada yake.