Leta mdudu mmoja kesho

Ujumbe uliingia saa tatu usiku kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa Gredi ya 2: kesho kila mtoto aje na mdudu aliye hai, ndani ya chupa iliyotobolewa kifuniko. Sisi tunakaa mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, ghorofa ya sita, mahali ambapo majengo yamebanana hadi ukianika shuka linapapasa dirisha la jirani. Bustani hatuna. Mende tunao. Binti yangu alinasa wawili nyuma ya jiko la gesi, akaenda kulala kwa furaha. Jioni iliyofuata alirudi amenuna: mwenzake alileta kipepeo, mwalimu akampiga kipepeo picha, na mende wakaamriwa wabaki nje ya darasa.

Tangu mtaala wa umilisi (CBC), unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, uanze kutumika nchi nzima mwaka wa 2019, wazazi wengi wa Nairobi wamelalamikia maagizo ya aina hii, na lalamiko lao si la kupuuzwa. Mtu anayetoka kazini Industrial Area saa moja jioni, akakwama kwenye foleni ya Outer Ring, hana muda wa kuwinda panzi gizani. Mtoto wa Kileleshwa ana ua lenye nyasi. Wa Mukuru ana mtaro. Wote watapewa alama kwa kigezo kimoja.

Hoja ya usalama ina uzito zaidi. Jiji hili lina mdudu linalochangia naye jina, yule mwembamba mwekundu mwenye vipande vyeusi tunayemwita Nairobi fly. Hang'ati wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na ukimpondea kwenye ngozi unaweza kuamka kesho yake au keshokutwa una malengelenge kama umeungua. Ukipeleka mkono huo machoni, ni balaa. Huzidi baada ya mvua nyingi. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka. Sasa mwambie mtoto wa miaka saba akaokote mdudu yeyote nyasini uone atakuja na nini. Tena si wadudu tu: vifaranga, vyura na kobe huweza kubeba bakteria wa salmonela, na watoto wa chini ya miaka mitano hushauriwa wasiwashike kabisa.

Hapo ndipo wengi husema basi picha ya kitabuni inatosha. Mimi naona mdudu huyohuyo anawageuka. Jina lake linadai ni nzi, na picha iliyoandikwa jina hilo italirudia kosa. Lakini mtazame kwa karibu, bila kumgusa, akiwa ndani ya chupa: mgongoni ana vifuniko viwili vifupi vigumu, na chini yake mabawa yamekunjwa kama mwavuli. Huyo ni mbawakawa. Mtoto aliyefundishwa kumtambua, akimwona mkononi atampuliza aondoke. Asiyemjua atampiga kofi, na kofi ndilo linalomwaga sumu.

Woga wetu wa wadudu nao haukuanza leo. Vunjajungu alipewa jina hilo kwa sababu wazee waliamini ukimgusa utavunja vyombo. (Huenda imani hiyo imewaokoa vunjajungu wengi kuliko somo lolote la mazingira.) Mwalimu aliyelelewa na imani kama hizo, mwenye watoto sitini na konokono mmoja, simlaumu akiamua kuchora konokono ubaoni. Walio nyuma wangeona nini? Na chupa ikisahaulika dirishani Ijumaa, Jumatatu kuna mzoga, na somo walilopata watoto ni kwamba kiumbe kidogo ni kifaa cha kutupwa.

Ila kuna jambo ambalo pande zote mbili zinaliruka. Wangari Maathai, alipopokea tuzo ya Nobel kule Oslo Desemba 2004, alisimulia kuhusu kijito cha karibu na kwao alikokuwa akimtekea mama yake maji. Alijaribu kuyainua mayai ya chura akidhani ni shanga, yakawa yanakatika vidoleni. Baadaye akaona viluwiluwi maelfu wakinyumbuka majini. Sidai kwamba viluwiluwi ndio waliompa shahada ya uzamifu mwaka wa 1971. Ninachokiona ni hiki: alirudi palepale. Bila kurudi, shanga zingebaki shanga.

Ndiyo maana kipepeo aliyepigwa picha hakufundisha mtu chochote. Shule ikiwa na mlimau mmoja uani, usionyunyiziwa dawa, ina somo la wiki kadhaa bila mzazi kutoa shilingi. Kiwavi mchanga wa kipepeo wa michungwa hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimchokoza hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto kumi watoke na mwalimu leo, kumi wengine kesho, mnyama abaki kwenye jani lake. Wakati mwingine pupa itatoboka na atatoka nyigu mdogo badala ya kipepeo, kwa kuwa nyigu wa namna hiyo hutaga ndani ya pupa. Mwalimu asifiche hilo. Ni aibu kwamba jiji lenye ICIPE pale Kasarani, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, bado lina watoto wanaomjua mdudu kwa chati iliyopauka.

Na pasipo na mlimau? Nilipata jibu nisilolitaka. Chupa yetu ilirudi nyumbani haijafunguliwa, na binti yangu akaniuliza mbona mende mmoja anaburuta mkoba. Nikainama nikatazama. Kweli, nyuma yake kulikuwa na kitu cha kahawia kama punje, na ndani ya punje ya namna hiyo hukaa mayai thelathini hivi au zaidi. Mende mdogo wa jikoni huibeba karibu hadi siku ya kuanguliwa. Nilivua kandambili. Akaniomba nisubiri, anataka kuona kama watoto watazaliwa na mabawa.

Watazaliwa bila mabawa, nilimwambia, hakuna haja ya kusubiri. Akasema hapana, aone mwenyewe. Tumebishana hadi saa nne usiku. Chupa iko juu ya kabati, matundu ya kifuniko nimeyaziba kwa kitambaa cha chandarua, na nimefunga mpira mara tatu.