Wenyeji Waachiwe Viwanja Vyao

Kila Machi inapofika, mashindano ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo vikuu Marekani hutupiwa lawama ile ile: yanawabeba wakubwa. Wanaume wa vyuo hivyo hivyo huanza mashindano yao kwenye kumbi zilizochaguliwa miaka kabla, na timu hairuhusiwi kucheza kwenye ukumbi wake wa nyumbani. Kwa wanawake, timu 16 zilizopangwa juu na kamati ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, yaani namba 1 hadi 4 katika kila moja ya kanda nne, huandaa raundi mbili za mwanzo kwao, mbele ya mashabiki wao. Mgeni anayetaka kuingia kumi na sita bora kwa kawaida itabidi amfunge mwenyeji huyo kwake, na hakuna marudiano.

Sisi tuliokulia kwenye soka la nyumbani na ugenini tunaona kasoro mara moja. Angalau kwetu ukifungwa ugenini una siku nyingine ya kujitetea mbele ya watu wako. Na tangu 2025 lawama hii ina uzito wa fedha: NCAA imeanza kugawa mgao kwa kadiri timu za wanawake zinavyosonga mbele, dola milioni 15 kwa mwaka wa kwanza. Timu iliyotolewa ugenini mapema inakosa pia chumo.

Wanaodai kumbi zisizo za mtu wana hoja, basi. Lakini hoja yao inadhani kwamba utaratibu huo haujawahi kujaribiwa. Ulijaribiwa. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2015, vituo vya raundi za mwanzo vilichaguliwa mapema, kabla ya kujulikana nani angekuwa bora. Viti vilikuwa vitupu kwa wingi, maana shabiki wa Tennessee hawezi kununua tiketi ya ndege kwa siku tano kufuata mechi ya raundi ya kwanza majimbo manne mbali. Na haki yenyewe haikupatikana. Mwaka 2011 Gonzaga ilipangwa namba 11, ila chuo chake kilikuwa kimeshapewa uenyeji. Ikawafunga Iowa na UCLA kwenye ukumbi wake, ikahamia ukumbi mwingine wa jiji hilo hilo la Spokane kwa hatua ya kanda, yaani kuanzia kumi na sita bora, ikamtoa Louisville, hadi Stanford ilipoizima. Mechi nne, jiji moja, kwa timu namba 11. UCLA, waliokuwa namba 3, walifuata nini kule?

Hatua ya kanda bado huchezwa kwenye kumbi zinazoitwa za kati, na mambo ni yale yale. Mwaka 2022 NC State walikuwa namba 1 wa kanda yao. Zawadi yao ilikuwa kucheza na UConn (chuo kikuu cha Connecticut), namba 2, mjini Bridgeport, ndani ya jimbo la Connecticut. Walifungwa 91-87 baada ya muda wa nyongeza mara mbili, huku ukumbi kwa wingi ukiwashangilia wapinzani wao. Mwaka 2024, Portland, iligundulika kwamba mstari wa pointi tatu ulikuwa umechorwa vibaya, upande mmoja haulingani na mwingine, na mechi kadhaa zilikuwa zimeshachezwa. Makocha wa Texas na NC State wakaulizwa wafanyeje, wakakubali kucheza hivyo hivyo. Sakafu inayochezewa msimu mzima isingekaa na kosa hilo bila mtu kuliona.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: je, mwenyeji anabebwa kiasi gani? Nimehesabu mashindano matatu, 2023 hadi 2025. Wenyeji walikuwa 48, na 38 kati yao wakaingia kumi na sita bora. Anayelalamika ataishika hesabu hiyo, na sitamlaumu. Ila tukumbuke kwamba hao 48 ndio waliokuwa bora kabla ya mpira kurushwa. South Carolina ya 2024, iliyomaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja, ingemfunga namba 16 hata kwenye maegesho ya magari.

Ukitaka kupima nguvu ya uwanja, tazama pale ambapo timu zinakaribiana: namba 4 akimkaribisha namba 5. Kwa kamati hawa ni karibu sawa. Wanatofautishwa na kura chache tu chumbani, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayompa mmoja kelele, kitanda chake na vikapu alivyovizoea. Kama uwanja unaamua, hapa ndipo ungeamua. Katika miaka hiyo mitatu walikutana mara kumi. Mwenyeji alishinda mara nne, mgeni mara sita. Louisville aliwafunga Texas mjini Austin. Colorado akashinda kwa Kansas State, Baylor kwa Virginia Tech. Mwaka 2025 ukawa mbaya zaidi kwa wenyeji: Tennessee aliwatoa Ohio State, Ole Miss akawatoa Baylor, na Kansas State wakawazidi Kentucky pointi moja, 80-79, katika muda wa nyongeza. Mwenyeji wa namba 4 aliyepona mwaka huo katika mechi ya aina hii ni Maryland, na alihitaji muda wa nyongeza mara mbili kuwamaliza Alabama 111-108.

Mechi kumi ni chache, najua. Hazithibitishi kwamba kucheza nyumbani ni hasara. Hakuna kocha anayeamini hivyo. Zinaonyesha tu kwamba ule ukuta tunaoambiwa haupandiki unapandwa, na aliye sawa na mwenyeji huupanda mara nyingi. Hata wakubwa zaidi wamedondoka kwao. Mwaka 2023 namba 1 wawili walitolewa raundi ya pili mbele ya watu wao: Stanford alitolewa na Ole Miss, na Indiana akatolewa na Miami. Mwaka mmoja kabla, Creighton waliingia Iowa City, ukumbi umejaa pomoni kwa ajili ya Caitlin Clark, nyota wa Iowa, wakashinda 64-62. Aliyefunga mtupo wa pointi tatu uliowavusha ni Lauren Jensen, ambaye msimu uliotangulia alikuwa mchezaji wa Iowa. Ukumbi wa kukodi, nusu mtupu, ungeweza kutoa mechi ile?

Watu ndio jambo ambalo wakosoaji hulipita haraka mno. Mwaka 2024 raundi hizo mbili ziliingiza watazamaji zaidi ya 292,000, rekodi, kwa sababu zilichezwa pale watazamaji wanapoishi. Mchezo wa wanawake ulichelewa kupewa hata jina la mashindano, “March Madness”, ambalo wanaume walilitumia peke yao hadi 2022. Kuutaka uache kumbi zilizojaa ili ufanane na wanaume ni kuutoza gharama ambayo wanaume, wenye mkataba wa televisheni wa zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, hawaihisi.

Kuna malalamiko mawili ambayo hesabu yangu haiyajibu. Wageni wale sita ni vyuo vikubwa vyenye fedha. Kwa wadogo hali ni tofauti. Mwaka 2023 Toledo, namba 12, waliwatoa Iowa State, kisha wakawakuta Tennessee nyumbani Knoxville: 94-47. Florida Gulf Coast nao waliwatoa Washington State, wakaenda kuishia kwa wenyeji Villanova. Harvard ya 1998, namba 16 iliyomfunga namba 1 Stanford huko huko Stanford, bado haijapata mwenzake kwa wanawake.

La pili ni la usalama, nami naliona zito kuliko lote. Wenyeji hujulikana Jumapili, mechi zinaanza Ijumaa. Mwaka 2024 hoteli za Spokane zilikuwa zimejaa, kwani mashindano ya wanaume nayo yalikuwa pale wikendi hiyo. Utah, waliopangwa kucheza kwa Gonzaga, wakalazwa Coeur d'Alene, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Idaho, ambako walitupiwa matusi ya kibaguzi njiani. Kocha Lynne Roberts alieleza kwamba timu yake haikujisikia salama, na ikabidi wahamishwe. Siku chache baadaye wakafungwa na mwenyeji. Mechi ile imo kwenye kumi zangu, miongoni mwa zile nne za wenyeji, na sioni fahari kuihesabu.

Hilo la hoteli lina dawa bila kugusa viwanja: chuo kinachoelekea kuwa mwenyeji kiweke vyumba vya wageni mapema, na kisichoweza kikose uenyeji. La wadogo linaanzia kwenye ratiba za Novemba, pale vyuo vikubwa vinapokataa kwenda kucheza kwao. Bila mechi hizo timu ndogo haipati ushindi wa kuipandisha hadi namba 4. Gonzaga, chuo kisichotoka ligi kubwa, alifika hapo 2024 akaandaa kwake. Toledo hajawahi kupewa ratiba ya kumfikisha huko.