Figo Haipangwi Kwenye Kikao cha Ukoo

Huku Moshi, ukitaja habari ya mtu kutoa kiungo chake apewe mgonjwa, swali la kwanza kuulizwa ni la ufufuo. Mtu akizikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na figo moja, siku ya mwisho atafufukaje? Naliheshimu swali hilo. Linaulizwa na watu wanaouthamini mwili, wale wale wanaosafirisha maiti usiku kucha kutoka Dar es Salaam ili mtu wao alale karibu na babu yake. Lakini jibu lipo. Tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Uganda, kwa ajili ya imani yao. Kila mwaka Wakristo wa Afrika Mashariki huenda kuhiji pale, na sijasikia hata mmoja akiwa na wasiwasi kwamba mashahidi wale watafufuka na upungufu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho. Mimi hapo nimeridhika.

Kwa hiyo kutoa ni halali, tena ni jambo kubwa. “Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu,” alisema Yohana Mbatizaji, na figo Mungu katupa mbili. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1995 kuhusu uhai, aliwasifu wanaotoa viungo vyao kwa njia iliyo njema. Sisi Walutheri tusijione wageni katika hili, maana hospitali yetu ya KCMC, hapa Moshi, iliasisiwa kwa jina la Msamaria Mwema.

Kinachonisumbua ni namna tunavyompata mtoaji.

Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Zamani safari ilikuwa ya India, na wengi hawakuiweza. Sasa huduma imesogea, na anayetakiwa kutoa ni ndugu aliye hai. Maana yake suala linaingia nyumbani, na nyumbani kwetu mambo mazito huamuliwa kwenye kikao.

Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, huko Kibosho. Kijana wa watu alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara karibu masaa manne, na ukoo ulikuwa umechoka. Katibu ana daftari, anaandika nani katoa laki mbili, nani kaahidi mwisho wa mwezi. Ikafika zamu ya figo. Macho yote yakamwendea dada yake mdogo, binti asiye na ajira, anayekaa nyumbani na kuhudumia ng'ombe wa mama. Baba mdogo akasema, kwa upole kabisa: “Mwanangu, wewe pesa huna, lakini Mungu amekujalia afya. Huo ndio mchango wako.” Watu wakaitikia. Binti alikuwa anazungusha kizibo cha soda vidoleni, kichwa ameinamisha. Mzee wa kanisa akafunga kwa sala, akamshukuru Mungu kwa moyo wa binti huyu, na binti mwenyewe alikuwa bado hajasema neno.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Waliogopa kumzika kijana wao. Hata hivyo nasema wazi kwamba kilichofanyika hakikuwa utoaji wa Kikristo. Yesu alisema juu ya uhai wake, “Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe.” Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2296, inakataa kiungo kilichochukuliwa bila ridhaa ya wazi ya mtoaji. Na mzigo huu una upande unaouelemea: duniani kote, wengi wa wanaotoa figo wakiwa hai ni wanawake, na wengi wa wanaopokea ni wanaume. Sidhani kama upendo peke yake unaeleza hesabu hiyo.

Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilitoka kwa Ronald Herrick kwenda kwa pacha wake Richard, mjini Boston, Desemba 1954. Madaktari walikuwa wameomba kwanza ushauri wa viongozi wa dini, kwa kuwa kumpasua mtu mzima asiyeumwa kitu lilikuwa jambo la kutisha. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimpelekea ndugu yake kikaratasi kumwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Richard aliishi miaka 8 zaidi. Katika habari yote hiyo kinachonigusa kuliko vyote ni kile kikaratasi, kwamba mgonjwa mwenyewe, kifo kikimkodolea macho, alimfungulia mwenzake mlango.

Wachungaji wetu wanaweza kuufungua mlango huo. Mchungaji akae na anayetarajiwa kutoa figo peke yake, bila shangazi wala mzee wa kanisa, amwambie kwamba akikataa bado ni dada, na mezani kwa Bwana nafasi yake ipo. Akikataa, daktari awaambie ndugu neno moja tu, kwamba huyu hatufai. Kuna watakaosema huo ni uongo. Mimi sioni hivyo, kwa sababu asiyeridhia hafai kweli, na sababu zake ni siri yake na daktari.

Akikubali kwa hiari, lile daftari lifunguliwe tena. Baada ya upasuaji hataruhusiwa kunyanyua mzigo mzito kwa wiki kadhaa, na atahitaji kupimwa kila mwaka maisha yake yote. Katibu aandike nauli ya kliniki inatoka kwa nani, na aandike jina la atakayekata na kubeba majani ya ng'ombe, kabla binti hajapanda basi la Dodoma.