Upatu Uliovurugika: Tuzungumzieje Fanksheni Mbele ya Wasanidi?

Nilipomaliza kuwasilisha mada yangu ya kwanza kuhusu uandishi wa programu wa kifanksheni, yaani kuijenga programu kwa fanksheni (vipande vya msimbo vinavyopokea thamani na kurudisha jibu jipya bila kubadilisha kitu kingine), mbele ya wasanidi wa programu kama arobaini jijini Dar es Salaam, kijana mmoja wa safu ya nyuma alinyoosha mkono. "Kaka, nimekuelewa. Ila matangazo ya kazi ninayoyaona yanataka lugha za PHP na JavaScript. Haya uliyotufundisha nikayafanyie nini?" Nilimjibu harakaharaka kwa kumtajia WhatsApp. Watu wakapiga makofi, yeye akakaa. Mpaka leo naona sikumjibu.

Jibu la WhatsApp analijua kila anayezungumzia mada hii. Seva zake ziliandikwa kwa Erlang, lugha iliyoanza mwaka 1986 katika maabara za Ericsson huko Sweden kwa ajili ya mitambo ya simu. Facebook ilipoinunua kampuni hiyo mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi 32. Takwimu ni za kweli, lakini hoja haikai sawa. Kilichoiwezesha seva moja kubeba miunganisho zaidi ya milioni 2 mwaka 2012 ni jinsi Erlang inavyogawa kazi kwa vichakato vidogo visivyochangia kumbukumbu, pamoja na wahandisi waliokaa wakiurekebisha mfumo endeshi wenyewe. Ufanksheni umo, lakini si peke yake. Na kijana anayetengeneza mfumo wa kupangisha vyumba 20 vya nyumba ya wageni hana tatizo la miunganisho milioni 2. Nilimvutia tu, sikumsaidia.

Swali lake ndilo linalotugawa sisi tunaosimama kulizungumzia jambo hili. Wapo wanaotaka kitu kifundishwe kikamilifu, kuanzia mzizini: hesabu ya lambda ya Alonzo Church ya miaka ya 1930, yaani nadharia ya kihisabati ya fanksheni, kisha lugha kama Haskell, ambamo jina likishapewa thamani huibadilishi tena, kisha monadi, yaani namna ya kuunganisha hatua zinazofuatana. Wengine wanataka msikilizaji apewe vipande atakavyovitumia Jumatatu asubuhi katika lugha aliyonayo, na majina magumu yangoje.

Hao wa kwanza wasidharauliwe. Mwaka 1977 John Backus, aliyeongoza kazi ya kutengeneza Fortran, moja ya lugha za mwanzo za programu, alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Mtu mwingine angesimulia mafanikio yake. Yeye aliitumia hotuba ile kuukosoa mtindo uleule ambao Fortran iliueneza, akapendekeza programu zijengwe kwa kuunganisha fanksheni. Lugha aliyoipendekeza haikuenea, lakini hotuba yake iliwapa nguvu watafiti wengi wa fani hiyo, na mwaka 1990 Haskell ikatoka. Mada ngumu iliyowaingia watu wachache inaweza kuzaa kuliko mada laini iliyopigiwa makofi na ukumbi mzima.

Wa pili nao wana ushahidi wao. Mwaka 2015, katika mkutano wa React (maktaba ya JavaScript ya kutengeneza skrini za programu) jijini Paris, msanidi Dan Abramov alionyesha kitu alichokitengeneza alipokuwa akijiandaa kwa mada hiyohiyo: Redux, zana ya kutunza hali ya programu. Alifuta tendo lililokwisha kufanyika, na skrini ikarudi ilivyokuwa kabla yake. Hilo liliwezekana kwa sababu kila tendo lilizalisha hali mpya na kuiacha ya zamani bila kuigusa, wazo ambalo sehemu yake lilitoka Elm, lugha ya kifanksheni kabisa. Hakuhitaji kufundisha hesabu ya lambda ili watu waelewe.

Mimi niliielewa hoja hii kwa kuumia. Nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya upatu kwa kikundi cha akina mama 12. Kila wiki wanachanga, mmoja anapokea. Mpangilio wa kupokea ulikaa kwenye orodha niliyoiita `zamu`, na ukurasa mmoja ulimwonyesha anayefuata. Ukurasa wa ripoti ulitakiwa kuwapanga wanachama kwa kiasi walichokwisha kuchangia, kwa hiyo nikaandika `ripoti = zamu.sort(...)`, nikaamini nina orodha mbili. Sikuwa nazo. Katika JavaScript, `sort` huipanga upya orodha ileile na kukurudishia hiyohiyo. Yalikuwa majina mawili ya kitu kimoja.

Mweka hazina akifungua ripoti kwanza, kisha ukurasa wa zamu, linatokea jina la mama mwingine. Akizima na kuwasha, linarudi la awali. Siku tatu nilichimba kwenye hifadhidata, ambako hakukuwa na kosa lolote. Wakati huo mama aliyeihesabia zamu yake ada ya mtoto aliambiwa si yeye. Aliyecheza upatu anajua neno hilo linavyomkaa mtu moyoni, na maneno yanayofuata ndani ya kikundi. Dawa ilikuwa neno moja: `toSorted`, iliyoingia katika JavaScript mwaka 2023, inakupa orodha mpya na kuiacha ya zamani ilivyo.

Sasa mada yangu inaanzia hapo. Naweka mistari miwili kwenye projekta na kuuliza: `zamu` ina nini sasa? Wengi hukosea, kisha huanza kubishana. Wa PHP husema kwake orodha ikipewa jina jipya huwa kama imenakiliwa, na yuko sahihi. Wa Python hukumbusha kwamba kuna `sort` na kuna `sorted`. Dakika kumi zinapita watu wakijadili kiini chenyewe cha ufanksheni, yaani nani ana haki ya kubadilisha nini, kabla sijalitaja jina lake. Na swali la matangazo ya kazi linapata jibu lake humo humo: React, ya JavaScript hiyohiyo inayotajwa kwenye matangazo, ukiongeza kitu ndani ya orodha ileile na kuirudisha, haioni badiliko, na skrini inabaki ilivyokuwa. Kijana yule alihitaji somo hili kwa kazi ileile aliyokuwa akiitafuta.

Hata hivyo siwezi kusema vipande vinatosha. Nimeona watu wakitoka kwenye mada za namna hii wakidhani ufanksheni ni `map`, `filter` na `reduce`, yaani fanksheni za kugeuza kila kitu kwenye orodha, kuchuja, na kukusanya vyote kuwa jibu moja. Wanarudi ofisini na kugeuza kila kitanzi kuwa `reduce` ya mistari minane isiyosomeka. Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, alitaka kuiondoa `reduce` katika Python kwa sababu ya usomekaji. Katika toleo la 3.0 la mwaka 2008 ikahamishiwa kwenye moduli ya pembeni, na nadhani alitenda haki. Wengine wanaandika `map` nzuri kabisa ambayo ndani yake inaandika kwenye hifadhidata na kutuma SMS. Kanzu imevaliwa, swala haijaswaliwa.

Kuhusu monadi, mwaka 2009 Brent Yorgey, mwandishi wa mambo ya Haskell, alieleza kosa ambalo nami nimelifanya. Mtu huhangaika na dhana kwa muda mrefu, siku moja inamfungukia, kisha hudhani mfano uliokuwa kichwani mwake siku hiyo ndio uliomfungulia, akakimbilia kuwapa wengine mfano huo bila yale mahangaiko. Elm yenyewe hulikwepa neno hilo na kusema `andThen`. Mimi nikiwa ukumbini husema "kisha", na watu hunifuata: tafuta mwanachama, kisha soma salio, kisha toa fedha, na hatua moja ikishindwa zinazofuata zisifanyike. Lakini mwishoni nalitaja jina. Msikilizaji asiyelijua hawezi kutafuta zaidi akiwa peke yake, na kumficha neno kwa kudhani halitamwingia ni kumdharau.

Mara ya mwisho, nilipokwisha kuonyesha `toSorted`, dada mmoja aliyekuwa akiandika tangu mwanzo aliuliza, "Na mwanachama mwenyewe aliyemo ndani ya orodha, naye ni mpya?" Si mpya. Orodha ni nyingine lakini waliomo ni walewale. Badilisha kiasi cha mama mmoja kwenye ripoti, na kwenye zamu kimebadilika. "Basi tunakili na waliomo." Wote? Kila mara? Wakiwa laki moja je? Hapo nikafungua Clojure, lugha aliyoitoa Rich Hickey mwaka 2007, kuwaonyesha jinsi orodha inavyohifadhiwa kama mti, na toleo jipya la orodha linavyotumia sehemu kubwa ya toleo la zamani bila hatari yoyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuzibadilisha. Muda wangu ulikuwa umekwisha na mlinzi amesimama mlangoni na funguo. Tukatoka nje, tukaweka laptopu juu ya boneti ya gari, na yule dada akaanza kuchora kwenye daftari lake mti wenye matawi 32 kila kifundo.