Kompyuta Ilisema Lo

Dada yangu ana stationari ndogo hapa Tanga: kopi, kuprinti, picha za pasipoti. Mashine yake ilikuwa ikiwashwa, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, ndipo nayo inaamka. Ijumaa jioni nikamwambia, "Dada, niachie hii, nakuwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta. Nusu saa tu."

"Mdogo wangu, kesho saa mbili asubuhi nina mteja wa fomu za mkopo wa chuo."

"Dada. Nusu saa."

Faili la kusakinishia Debian 11, aina mojawapo ya Linux, nilikuwa nalo kwenye diski yangu tangu 2021. Kilichokosekana ni flashi. Nikapekua droo ya kaunta, nikaokota moja nyekundu yenye kamba ya kijani, nikafuta vilivyomo, nikaimiminia Debian mpaka ikajaa, kazi ikaanza.

Katikati ya safari mashine ikauliza swali. Kuna kifaa kinahitaji faili liitwalo iwlwifi-7260-17.ucode, kama ninalo, nilichomeke kwa flashi au kwa flopi. Flopi! Nikacheka peke yangu. Mtu akikuuliza habari za flopi zama hizi, unamjibu "hapana" na kusonga mbele. Nikajibu hapana, nikasonga.

Saa tano usiku mambo safi, skrini inang'aa. Ila alama ya waifai haipo. Si kwamba imekatwa mstari. Haipo kabisa, pengo kama la jino lililong'olewa.

Stationari nzima inaishi kwa hotspoti ya simu ya dada, ambayo aliniachia, kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza alikuwa simu. Nikaizima na kuiwasha mara tatu. Nikailaza juu ya kibodi kama mgonjwa anayesomewa dua. Wapi! Nikafungua teminali, nikaandika `ip link`. Badala ya orodha ya kadi za mtandao, ikaleta kitu kimoja tu: `lo`.

Mpwa wangu wa darasa la sita, ambaye alipaswa kuwa amelala, akachungulia begani. "Mjomba, kompyuta imesema lo!"

Nikamweleza kwamba hiyo lo si mshangao, ni njia ya mashine kujifikia yenyewe. Nikamwonyesha: `ping 127.0.0.1`. Majibu yakaja kwa chini ya milisekunde moja, mfululizo. Ilikuwa inajipigia hodi na kujikaribisha.

"Sasa mbona dada yako anataka intaneti ya kwenda nje?"

Nikamwambia akalale.

Kwenye `dmesg`, kumbukumbu za mashine yenyewe, ndipo nilipokuta shitaka langu kwa maandishi: imeshindwa kupakia iwlwifi-7260-17.ucode (-2). Hiyo -2 maana yake faili halikuonekana, japo mimi niliisoma kama alama zangu za mtihani. Kadi ile haina akili yake ya kudumu; kila mashine ikiwaka, kernel, kiini cha mfumo, lazima iitilie programu ndogo ndani, ndipo ijue yeye ni nani. Programu yenyewe ni kama megabaiti moja. Tangu Debian 12, ya 2023, vitu hivi vinakuja ndani ya faili la kusakinishia. Mimi nilikuwa na 11, na nilikuwa nimeijibu hapana. Sasa faili liko intaneti, intaneti haipatikani bila kadi, kadi haiamki bila faili. Ufunguo wa stoo umefungiwa stoo.

Basi nikaamua simu imwage intaneti kwa waya wa USB. Waya wangu wa buku, ule wa kununua kwenye foleni ya daladala, ukaifanya simu ichaji vizuri sana. Mashine ilikuwa haioni chochote. Waya wa pili, ikachaji. Nyaya hizi nyingine zimewekewa njia ya umeme tu, ya data hakuna, na mimi nilizigundua mbili mfululizo usiku mmoja, simu ikiwa imefika asilimia 100 na mimi nikielekea sifuri. Waya wa tatu ulikuwa wa dada, uliokuja na simu. Mtandao ukaingia. Niliruka, nikagonga stuli.

Hapo ndipo sifa zikaniponza. Badala ya kuchukua faili langu moja na kuondoka, nikaandika kwa maringo `sudo apt upgrade -y`. Debian ya 2021 ina deni la sasisho, na ilianza kulilipa lote kwa bando la dada la wiki nzima. Kwenye asilimia 94 ikasimama. Bando limekwisha.

Nikangoja adhana ya alfajiri, nikangoja swala iishe, nikawa mteja wa kwanza wa vocha dukani kwa jirani. Nikarudi, nikaomba firmware-iwlwifi, kifurushi chenye faili langu. Ikajibu haiijui. Hadi nilipoongeza neno `non-free`, yaani programu zisizo huria, kwenye sources.list, orodha ya mahali inapochukua programu, ndipo ikaikumbuka. Nikaiondoa programu inayoendesha kadi na kuirudisha, `modprobe -r iwlwifi`, kisha `modprobe iwlwifi`, na ile alama ikachomoza pembeni kama mwezi wa Idi.

Mpwa alikuwa anakunywa uji. "Mjomba, kwa nini hukulipakua kwenye simu, ukalihamishia tu?"

Nikamwambia amalize uji.

Saa mbili kamili mteja akafika, kijana mpole mwenye bahasha. Nikamkaribisha kiti kwa fahari, mashine inapepea, waifai imejaa mistari yote.

"Fomu tunazifungulia tovuti gani?" nikamuuliza.

"Hapana kaka, hazihitaji mtandao. Nilishazijaza zote, na barua za mdhamini nimezi-skani. Zimo kwenye flashi yangu, juzi niliisahau hapa, dada akaniambia ameniwekea kwenye droo."

Dada akaivuta droo. Akaivuta mpaka mwisho.

"Ni nyekundu," akasema kijana, "ina kamba ya kijani." Halafu akanyoosha kidole kwenye ubavu wa mashine. "Aa, si ile pale!"