Sikulia kwa Sababu ya Mahari

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kulia kwenye grupu, nisikilizeni. Yule bwana harusi wenu mtarajiwa kawasimulia nusu, eti nimelia ukweni kwa ajili ya mahari. Machozi yalitoka, ndiyo. Aliyeyatoa ni samaki, mwatiko.

Watu wa Tanga mnamjua mwatiko: utamu anao, na miiba yake Mungu ndiye ajuaye idadi. Tumefika kwa wakwe zake huyo bwana harusi kuposa, mimi ndiye msemaji. Mjomba wa binti bado yuko njiani kutoka Pangani, wenyeji wakaona tusikae na njaa, tukaandaliwa wali wa nazi na mwatiko wa kupaka. Nikala kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kazini.

Tonge la mwisho liko kinywani, mjomba huyo mlangoni. Salamu mbili tatu, kakaa. "Haya mshenga, mmetujia na neno gani?"

Nikameza harakaharaka. Hapohapo kitu kikanichoma upande wa kushoto, nyuma kabisa ya ulimi. Nikameza mate: choma. Nikakohoa kiungwana: choma zaidi. Sebule kimya, wazee wote macho kwangu. Nikafungua kinywa niseme "Tumeona ua katika bustani yenu." Ikatoka "Tumeona u-khhhhh." Jicho la kulia likadondosha chozi. La kushoto likafuata. Nikainama, nikachota bonge la wali nilimeze bila kutafuna, si ndivyo tulivyofundishwa? Mwiba ukazama. Bibi aliyekuwa akitunawisha akaweka birika chini, akaja kunipapasa mgongo: "Nyamaza, baba. Nyamaza." Ndiyo kwanza machozi yakafunguka. Na kamasi pia, maana najua mmeshaambiwa.

Mjomba akawageukia wenzake, nikamsikia kwa masikio yangu: "Jamani, kumbe hali zao ngumu kiasi hiki? Hebu tuwapunguzie."

Ningekanusha kwa koo lipi? Na rafiki yangu pembeni ananifinya paja: endelea, endelea!

Jioni, zahanati. Daktari kavaa taa kichwani, kanikandamiza ulimi kwa kijiti, nikamrudishia nusu ya karamu. Anasema miiba mingi haifiki hata kwenye umio, hunasa juu huku kwenye mafindofindo au kwenye shina la ulimi, na yale mabonge ya wali huishindilia tu. Wangu ulijichomeka kwenye findo la kushoto, chini kidogo ya kimeo. Akauvuta kwa koleo. Kwa maumivu yale nilitegemea kuona kijiti cha mshikaki. Kikatoka kitu chembamba chenye ncha mbili, kifupi kuliko ukucha wangu. Nikaomba koo liangaliwe tena kama hakuna mwenzake aliyebaki. Hakuna.

Posa imekubaliwa, mahari imeshuka. Na tangu jana vijana wananifuata faragha kuulizia nalia kwa shilingi ngapi.