Mshauri wangu na habari za ukili

Wiki ya tatu mshauri nasaha aliweka kalamu chini, akaniuliza: "Kwenu, mtu akitaka kutoa la moyoni, hukaa vipi?" Nikacheka. Nikamwambia hakai akatazamwa usoni namna hii. Kwetu Tanga maneno mazito hutoka mikono ikiwa na kazi. Mama na shangazi zangu walikuwa wakisuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka, macho yote kwenye majani ya miyaa, na hapo ndipo ungesikia nani kaachwa na nani hapati usingizi. Sasa huku Leicester, Uingereza, miyaa nitaitoa wapi? Akaniambia nije na chochote cha kushika. Wiki iliyofuata nikaenda na uzi wa kufuma. Yeye akageuza kiti, tukawa tunatazama dirisha wote wawili. Siku hiyo ndiyo nililia.

Mwanzoni nilijazishwa ile fomu yao ya maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Nilipata chache, za mtu asiyeumwa kabisa. Kumbe nikitoka zamu ya usiku nilikuwa nakaa kitandani na koti langu mpaka adhuhuri. Fomu inauliza habari za huzuni. Mimi sikuwa na huzuni, nilikuwa na mawazo. Mshauri hakubishana nami. Aliliandika neno "mawazo" kama lilivyo, akauliza yananikaa wapi mwilini.

Hapo nikakasirika. Si na yeye, na sisi. Fundi cherehani wa Ngamiani, pale Tanga mjini, hakushonei gauni bila kukupima, na akiona umenenepa anapima upya. Muuza chai anajua nani hatiliwi sukari. Lakini moyo ukiumwa wote tunavishwa nguo moja: vumilia. Uliyefiwa, vumilia. Uliyepigwa, vumilia. Uliyefeli, mshukuru Mungu, wenzio hata darasani hawakuingia. Ukisema nguo inakubana, wanakuuliza wakukatie tiketi ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma.

Najua mtakalosema. "Kaosha wazee wa kizungu miaka minne, leo anatufundisha kuishi." Kuosha naosha, na choo cha ndani anachotumia mama kimetoka kwenye kuosha huko huko. Wala sijasema kusikiliza kumebuniwa Ulaya. Mwali wa pwani alikuwa na somo wake, mama wa kumfunda, wake peke yake. Na kule Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Maradhi wanayaita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, yaani haya haya mawazo yangu. Hawakumtwisha mtu neno la vitabuni kama "sonona", yaani depression. Sonona! Nani amewahi kumwambia mama yake anaumwa sonona?

"Basi si ungeongea na somo wako?" Somo wangu ni shoga wa mama. Nikimwambia adhuhuri, magharibi mtaa mzima unaniombea dua. Dua naitaka sana, ila isitajwe jina langu na ninachoumwa.

Na msidhani huku kote ni asali. Mshauri huyu huyu nilimkuta dukani, mbele ya viazi, akanipita kimya. Baadaye akanieleza kwamba humwachia mteja aanze kusalimu, maana huenda niko na mtu nisiyetaka ajue. Nimemwelewa, na bado inaniuma. Mtu anayejua nisiyomwambia hata mama anasukuma kikapu chake bila salamu! Tanga ningemtangaza hana adabu. Halafu zile dakika 50 zikiisha zimeisha, hata uwe katikati ya kilio. Nyumbani sijaona mtu akitazama saa mwenziwe analia. Atakuambia uvumilie, lakini atalala hapo hapo mkekani kwako mpaka asubuhi.

Juzi nikamweleza shangazi kwa simu. "Yaani mwanangu, unamlipa mtu akusikilize?" Silipi, shangazi, ni huduma ya serikali. Akaguna. Akaniuliza habari za baridi, za mishahara, za yule mpangaji mwenzangu. Kisha, kama aliyekumbuka tu: "Na huo uzi, unafuma nini?"

Nikamwambia sijui, umefika urefu wa mkono tu.

"Hebu nitumie picha."